Nilimvunja Mkono Mwenzangu kwa Sababu ya Ripoti

Nilikosa. Mke wangu mwenyewe hajui jambo hili. Wewe nisikilize tu, usinitetee.

Miaka ya sitini, nikiwa mtafiti kijana wa chuo kikuu, nilitumwa karibu na soko la Rodi Kopany kuchunguza mbung'o, wale nzi wanaoua ng'ombe. Mimi nilikuwa wa idara ya wadudu. Ouma alitoka idara ya mifugo. Wakubwa wetu huko chuoni walikuwa hawasalimiani, lakini sisi tulilala hema moja.

Mimi nilinasa nzi na kuchora ramani. Yeye alipima damu ya ng'ombe. Jioni tuliweka karatasi zetu pamoja, na kazi ilienda mbio. Ng'ombe wa Mama Adongo, mjane aliyetupatia uwanja wa kambi, walikuwa wanakufa, nasi tulishajua nzi wanawauma na kuwaambukiza wakienda kunywa maji. Kulikuwa na vijito vitatu. Tulibakiza mwezi mmoja hivi tujue ni kipi.

Ndipo barua ya mkubwa wangu ikaja. Ripoti ni ya idara yetu, alisema, jina la mtu wa mifugo lisionekane. Aliniahidi ualimu wa chuo. Nikalifuta jina la Ouma.

Aliikuta ile ripoti mezani.

"Omera, ndugu yangu, jina langu liko wapi?"

"Muulize mkubwa wangu."

"Nakuuliza wewe. Damu hii nani alipima?"

Akairarua. Nikachukua mti wa kufungia mtego wa nzi, nikampiga. Alijikinga kwa mkono wa kulia, nikausikia ukivunjika. Singeweza kuacha hapo? Nilimpiga tena akiwa chini, mgongoni, kichwani, mpaka damu ikamwingia machoni. Alining'ata mguu, tukaangukia meza, hadubini ikapasuka, vioo vyote vya Ouma vya kupimia damu vikasagika chini yetu.

Mama Adongo ndiye aliyenitoa juu yake, kwa kunipiga mpini wa jembe begani.

"Mnauana," alisema, "na ng'ombe wangu je?"

Kambi ilifungwa. Idara yao ilichukua daftari za damu, yetu ikachukua ramani. Niliomba daftari kwa barua, hawakujibu. Ramani yangu bila damu ilikuwa picha ya vichaka tu. Ualimu sikuupata, nilifukuzwa. Vidole vya Ouma havikukunjika tena, na mtu asiyeweza kushika kioo hawezi kupima damu.

Mwaka uliofuata nilirudi kuomba msamaha. Boma la Mama Adongo halikuwa na hata ndama.

"Kwani mlijua ni maji ya wapi?" aliniuliza.

"Tulikaribia kujua, mama."

Aliniangalia, akaingia ndani, akafunga mlango.

Wewe uliye na mwenzako wa idara nyingine, mkubwa akikuambia umfiche karatasi, kataa. Ukishindwa kukataa, omba uhamishwe. Usifike nilipofika mimi, umesimama na mti mkononi, na mtu pekee aliyejua nusu ya pili ya kazi yako amelala miguuni pako.