Mulima Unateremukwa kwa Miguu

Siku yangu ya kwanza ya kazi sikupanda farasi. Nilitoka kwetu Kingi na buti za kuazima, nikafika kwenye ferme, lile shamba kubwa la ng'ombe juu ya barabara ya Mweso, nikiwaza kwamba kabla ya saa sita nitakuwa juu ya mugongo. Gérant, yaani musimamizi wa ferme, mwanaume mufupi wa maneno machache, alinipa kamba ya farasi jike wa rangi ya kahawia. "Leo utatembea naye tu," akasema. "Ujue kwanza namna anapumua." Tulitembea mpaka jioni. Nilikasirika vibaya sana. Mimi tangu utoto sijui kukaa. Hata kanisani mama yangu alikuwa ananishika shati.

Kazi yenyewe ilikuwa tournée, muzunguko wa siku tatu. Ng'ombe za ferme zilitawanyika kwenye milima mingi, kutoka Mweso mpaka upande wa Walikale ambapo majani yanaisha na pori linaanza. Wachungaji wa kule walihitaji chumvi na dawa, na hakuna pikipiki iliyopanda kule. Gérant alinifundisha kukaza mukanda wa tumbo mara mbili, kwa sababu farasi ni mujanja, akikuona unakuja na mukanda anajaza tumbo hewa. Alinifundisha kuweka vidole viwili chini ya taya na kuhesabu moyo, kisha kungoja utulie ndipo farasi anywe maji. Na alinifundisha sheria moja ambayo hakuwa anaitania: mulima unapandwa ukiwa juu, lakini unateremukwa kwa miguu. Kwenye muteremuko, miguu ya mbele ya farasi njo inabeba uzito wote. Unashuka, unatembea mbele yake, hata kama mvua inanyesha, hata kama umechoka.

Tusidanganyane, ninyi vijana munaosoma haya. Kazi ilikuwa ya siku tatu, mimi niliifanya nne. Nilikuwa ninachagua mugongo wa mulima ulio mbali zaidi, nisikie tu farasi anakula njia. Nikifika nyumbani, siku ya pili miguu ilianza kuniwasha. Muke wangu, Mama Neema, alilima maharagi na mihogo peke yake, na shamba lile njo lilikuwa linatulisha na kulipa masomo. Mushahara wangu uliishia kwenye sabuni na mafuta. Siku moja akaniuliza, akimenya mihogo bila kuinua macho: "Papa Neema, ile njia ya Walikale imeongezeka urefu?" Nilicheka. Yeye hakucheka.

Gérant wa pili alikuja na mambo mapya. Wenye ma-ferme walipatana kushindanisha wapanda farasi wao kwa safari ya siku mbili ya kuzunguka milima, kutoka ferme yetu mpaka uwanja ulio karibu na Masisi-centre. Zawadi ilikuwa mutamba, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa. Lakini kufika wa kwanza hakukutosha. Veterineri, daktari wa wanyama, angesikiliza moyo wa kila farasi, na yule ambaye moyo wake haukutulia upesi angetolewa.

Juma lile lile maharagi yetu yalikuwa yamekauka shambani. Kila mutu wa Masisi anajua: maharagi yakikauka hayangojei mutu. Mvua ikiyakuta hayajang'olewa, yanaota ndani ya maganda. Na yale maharagi yalikuwa ya kulipa masomo ya Neema, binti yetu mukubwa, aliyekuwa anaingia mwaka wa mwisho wa sekondari. Nilimuahidi mama yake kwamba Jumatano nitakuwa shambani. Gérant alijua. Akaniambia: "Mushika mbili, moja inamuponyoka. Uchague, Papa." Nikamujibu kwamba nitaweza yote mawili. Kichwa ngumu.

Mashindano yalikuwa yaanze Jumatatu, lakini yalichelewa. Wakubwa, wale wenye ma-ferme, walikuwa hawajafika Jumatatu, wala Jumanne, wala Jumatano. Ningeweza kurudi nyumbani. Nilikaa pale nikisugua farasi kila saa, nikijiambia kesho tunaondoka, kesho kutwa nitang'oa. Tuliondoka Ijumaa na mvua ikaanza Ijumaa.

Jumamosi mchana nilikuwa mbele ya wote, na nilikuwa ninaona uwanja kule chini. Ulikuwa umebaki muteremuko mumoja tu, murefu, wa matope. Nilifikiri mutamba, nilifikiri maharagi, nilifikiri uso wa Mama Neema. Sikushuka. Kwa mara ya kwanza katika miaka yangu ya kazi, niliteremuka nikiwa juu.

Nilifika wa kwanza. Veterineri aliweka mukono chini ya taya, akangoja, akaweka tena. Kisha akainama akagusa muguu wa mbele, wa kuume, ambao ulikuwa umeshaanza kuvimba. "Uliteremuka juu yake?" akauliza. Akamutoa kwenye mashindano. Gérant alisimama kando, hakunitukana, na ile iliniuma zaidi. "Kwenu ni karibu," akasema. "Uende naye, umutunze mpaka apone." Nilimuongoza kwa kamba hadi Kingi, akichechemea nyuma yangu kwenye mvua.

Mama Neema na wamama wa kanisa walikuwa wameng'oa nusu ya shamba kabla ya mvua. Nusu ile ingine ilikuwa imelala kwenye matope, na maganda yalikuwa yanapasuka. "Nilifanya yangu," akaniambia. "Ile ingine iko yako." Neema hakurudi shuleni mwaka ule. Uliofuata vita vilituhamisha mpaka kambi ya Kashuga, na tuliporudi alikuwa na muchumba. Mwaka wa mwisho hakuusoma kamwe.

Niliendelea na kazi. Farasi alipona, nikapanda wengine, nikahudumia gérant wa tatu na wa nne, lakini njia zilikuwa zinafungwa moja baada ya ingine kwa ajili ya vita na tournée ikawa ya siku moja. Mwaka huu nimestaafu. Gérant wa sasa, kijana mwenye heshima, alisema ferme itanipa farasi jike mumoja mutulivu, awe wangu. Nilitembea kurudi nyumbani mbio kama mutu wa miaka ishirini.

Nilimukuta Neema amekuja kutuona, anapepeta maharagi na mama yake. Kabla ya kusema habari ya farasi, nilitaka kwanza kutoa jambo lililonikaa rohoni miaka yote. Nikamwambia: "Neema, unisamehe juu ya masomo yako."

Aliendelea kupepeta. "Papa, masomo niliisha kuyalilia zamani. Kilichoniuma ni ile siku ulirudi. Nilikukimbilia kwa njia na maji ya kunawa. Ukayachukua, ukaosha muguu wa farasi. Mimi hukunisalimia mpaka asubuhi."

Sikumbuki. Nimetafuta kichwani kwangu, na mpaka leo sikumbuki maji yale wala mutoto aliyeyashika. Muguu wa farasi ninaukumbuka vizuri, hata mahali uvimbe ulianzia.

Kesho yake nilienda kumwambia gérant amuache yule jike kwenye zizi. Akashangaa: "Papa, si ulikuwa unamutaka?" Nikamujibu ndiyo, ninamutaka sana.