Haisi Yetu Ilipokwama Zombo

Mume wangu alifundisha jiografia mpaka alipostaafu, na katika miaka yote hiyo safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda Dodoma kwenye semina. Aliwaeleza watoto wa watu habari za majangwa, milima ya moto na bahari zenye barafu, kisha mchana akarudi nyumbani kwetu Magomeni, hapa Kilosa mjini, kula wali na mchicha. Nilidhani akistaafu atafuga kuku kama wenzake. Badala yake alinunua simu yenye kioo kikubwa, na ndani ya simu hiyo akakutana na Wazungu wanaoishi ndani ya magari.

Aliwatazama kila siku baada ya swala ya alasiri. Walikuwa wanaamka mbele ya ziwa, wanachemsha kahawa, wananyoosha viungo, wanasema jambo kuhusu uhuru. Hakuna aliyeonekana akifua.

"Mama watoto," akaniambia siku moja, "sisi tunangoja nini?"

Sikujua kwamba tulikuwa tunangoja kitu.

Gari alilipata Dumila. Ilikuwa Haisi iliyokuwa ikibeba abiria mpaka viti vyake vikakata tamaa. Alivitoa vyote isipokuwa vya mbele. Fundi seremala akatengeneza kitanda chenye sehemu ya kuhifadhi vitu chini yake, kabati dogo na meza ya kukunja. Juu ya paa likawekwa paneli la sola la kuwasha taa mbili na feni. Choo kilikuwa ndoo yenye mfuniko na maranda ya mbao, na mume wangu aliieleza ndoo hiyo kwa wageni kwa heshima ambayo choo chetu cha nyumbani hakikuwahi kuipata. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo mapazia yakawa juu yangu. Niliyashona kwa kitenge cha maua mekundu, nikayatilia marinda. Yalitoka mazuri kuliko ya sebuleni, jambo lililoniudhi kidogo.

Safari ya kwanza ilipangwa kwenda Mikumi kuona wanyama. Mvua zilikuwa zimepungua, na yeye alisema zimekwisha. Tulipakia mtungi mdogo wa gesi, madumu ya maji, chandarua, unga, mchele na mkate.

"Uzuri wa safari hii," alisema akiwasha gari, "ni kwamba hatutamsumbua mtu."

Kwa anayetaka kulala garini, ushauri wangu wa kwanza ni huu: futa maandishi ya zamani kabla ya kuondoka. Ubavuni mwa Haisi yetu bado paliandikwa DUMILA – KILOSA kwa herufi kubwa za njano. Njia nzima watu walitupungia mikono. Tulipopunguza mwendo penye mashimo, mama mmoja mwenye kuku wawili na kiroba cha pumba alifungua mlango, akaingia, akaketi kitandani.

"Konda, mimi nashuka Zombo," akaniambia.

Tukamwamkia kwanza, maana alikuwa mtu mzima. Akaitikia marahaba. Kisha mume wangu akamweleza kwa upole kwamba hili si gari la abiria, hii ni nyumba yetu. Yule mama akatazama jiko, akatazama mapazia, akatazama ndoo. Akawasogeza kuku wake wasichafue shuka.

"Basi endesha taratibu, mwanangu," akasema. "Vyombo visije vikavunjika."

Zombo ndiko alikozaliwa mume wangu. Mama yake bado anaishi huko, na mpango ulikuwa tupite tumsalimie dakika chache tu, kwa sababu ukimsalimia zaidi ya hapo unalala hukohuko. Lakini abiria wetu aliomba kushushwa penye njia ya kwake. Mume wangu, ambaye hawezi kumkatalia mtu mzima, akasogea pembeni ya barabara. Pembeni palikuwa na udongo mweusi wa mbuga, juu umekauka kama biskuti, chini uji. Magurudumu ya kushoto yakazama bila haraka. Alipokanyaga mafuta, yakazama kwa haraka.

Yule mama alishuka, akatushukuru sana, akachukua kuku na pumba zake akaondoka. Nyumba ya mama mkwe wangu ilikuwa inaonekana kutoka pale, bati lake likimeta nyuma ya migomba. Uhuru wetu ulikuwa umetufikisha mahali ambapo mama mzazi angeweza kutuita bila kupaza sauti.

Habari ilitutangulia. Hata kabla hatujamaliza kuchimba tope kwa sahani, mama mkwe alifika, kanga ya pili ikiwa begani haijafungwa vizuri.

"Shikamoo mama," tukasema wote wawili.

"Marahaba. Nyumba imeungua?"

"Hapana, mama," mume wangu akajibu.

"Mmeiuza?"

"Hapana. Tuko matembezini."

Alichungulia ndani. Aliona godoro, sufuria, sabuni ya kuogea, kandambili zangu. Mtu wa matembezini habebi kandambili za bafuni. Akamgeukia mwanawe, akashusha sauti kana kwamba mimi sipo.

"Amekufukuza?"

Kwa kuwa nilikuwa nimesimama katikati yao, nilijibu mwenyewe kwamba sijamfukuza, na kwamba kama ningemfukuza nisingefuatana naye. Alifikiri jibu hilo. Hakuliona lina nguvu sana.

Alitutaka tukalale nyumbani kwake. Mume wangu akakataa kwa adabu zote: gari lina kila kitu, sisi tunajitegemea. Mama akasema sawa. Jua lilipokaribia kuzama akaleta ugali, mlenda na samaki wa kukaanga, na ndoo ya maji ya moto ya kuoga. Mume wangu alikunjua meza yake ya safari, akapanga chakula cha mama yake juu yake, akakipiga picha.

Ushauri wa pili: usilale ndani ya gari lililoinama. Letu liliinama kushoto. Nililala upande wa juu, nikaamka juu ya mume wangu, naye ameegemea dirishani kama abiria wa Dumila. Feni iligoma. Mpaka leo hali ya hewa ikibadilika shingo yangu inaikumbuka Zombo.

Asubuhi watu wakaanza kuja. Walikuja kwa miguu na kwa baiskeli, wakasema pole. Mmoja alileta mkeka, mwingine mkungu wa ndizi. Walikaa chini kando ya gari, wakaongea polepole kuhusu mvua na mambo ya dunia, wala hakuna aliyeuliza swali, kama ilivyo adabu msibani. Mume wangu aliwachemshia chai kwa jiko letu. Kila alipowasha gesi wanawake walinitazama kwa huruma: mwalimu wa watu, sasa anapika kando ya barabara.

Mtu mmoja tu alituelewa. Alikuwa mfugaji, amevaa shuka, akipitisha ng'ombe wake barabarani kuelekea malishoni. Alilizunguka gari, akagusa paneli la sola kwa fimbo, akatazama kitanda.

"Mnahama," akasema.

"Tunatembea tu," mume wangu akajibu, uso umemng'aa kwa kupata mwenzake.

"Vizuri. Mtu akikaa mahali pamoja anachoka." Akatazama huku na huku. "Mifugo yenu iko wapi?"

"Hatuna."

Yule bwana akatutazama tena, sasa kwa wasiwasi, akawaswaga ng'ombe wake.

Mchana akafika mjomba. Kwa upande wa mume wangu ukoo unafuata mama, kwa hiyo mjomba akisema neno, neno limesemwa. Alikuja kwa baiskeli, amevaa koti na kofia ya kitambaa, na niliona wazi kwamba kuna kikao. Aliingia ndani ya Haisi, akaketi kitandani, akamweka mama mkwe kulia kwake, sisi tukabaki tumechuchumaa penye jiko.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nieleze. Mnaishi humu?"

"Hatuishi, mjomba. Tunatembea."

"Mnatembea, lakini mmesimama."

"Tumekwama."

"Hilo ndilo nililosikia," akasema mjomba. "Ndiyo maana nimekuja."

Alitaka kujua nani amemkosea nani. Aliniuliza kama napigwa. Alimuuliza mume wangu kama nyumbani kunapikwa. Kila tulipojibu kwamba tuko salama, yeye na dada yake walitazamana, maana wanandoa wenye ugomvi mkubwa ndio husema hivyo. Mwishowe mume wangu akatoa simu, akamwonyesha Wazungu wake. Mjomba aliishika mbali na macho, akatazama kwa makini sana mzee mmoja mwenye ndevu akikaanga mayai mbele ya mlima, na mkewe akicheka.

"Wako wenyewe tu?"

"Wenyewe, mjomba."

"Na ndugu zao?"

Mume wangu hakujua. Mjomba akarudisha simu. "Maskini," akasema, kwa dhati kabisa, na mama mkwe akaitikia kwa kutikisa kichwa.

Halafu akatoa uamuzi. Kwanza, lipo trekta la mtu anayemfahamu, litakuja kutuvuta. Pili, kama kweli tuko matembezini, hatutakuwa na shida kuongeza mtu mmoja. Dada yake atafuatana nasi mpaka Mikumi, aone kwa macho yake tunavyoishi, akirudi amweleze. Mama mkwe hakushtuka. Mfuko wake wa nguo ulikuwa tayari uko mlangoni. Nilikuwa nimeuona tangu mwanzo nikadhani ni mihogo.

Trekta lilituvuta kwa mnyororo huku watu wote waliotupa pole wakisukuma na kuimba. Sijawahi kuona watu wengi hivyo wakimsaidia mtu ambaye hataki kumsumbua mtu.

Mikumi tulipata kiwanja cha kuegesha na kulala, pembeni ya mji, chenye bomba la maji na choo cha kweli. Mama mkwe alikagua kitanda, akalala chali kukijaribu, akasema kinafaa. Kilikuwa kimeshapata mwenyewe. Mume wangu akapewa viti vya mbele. Mimi nikapata kinafasi kati ya kabati na mlango, juu ya mkeka wa Zombo, na namshukuru aliyeuleta.

Ushauri wa tatu, na huu ni wa maana kuliko yote: nyani anafahamu mlango wa Haisi. Asubuhi mume wangu aliusukuma mlango ukafunguka wote, ili, kama alivyosema, hewa ya mbuga iingie. Akaenda kupiga mswaki. Mimi na mama tulikuwa nje tunabandika chai. Niliposikia kishindo nikageuka: nyani dume, mkubwa kama mzee wa baraza, amekaa kwenye kiti cha dereva na mkate wetu mkononi. Mguu mmoja ameuweka kwenye usukani. Mume wangu alirudi mbio na mswaki kinywani, povu linamtoka, akapiga kelele. Nyani alimtazama, akauma mkate, akabonyeza honi.

Sijui kama alikusudia. Lakini honi ililia, mume wangu akaruka nyuma, akakaa ndani ya beseni la vyombo.

Mama mkwe alicheka. Alianza kwa kushika mdomo, kisha akashika mbavu, kisha akakaa chini kabisa na kanga machoni, akicheka bila sauti kama mtoto. Nyani akatoka kwa mlango alioingilia, na mkate wake. Mume wangu alikaa palepale ndani ya beseni, suruali inachuruzika. Hasira yote ilikuwa imemtoka, akimtazama mama yake.

"Tangu baba afariki," akaniambia baadaye tukikusanya vijiko, "sijamsikia hivi." Akanipa vijiko, nami nikaendelea kusuuza.

Siku hiyo tuliingia hifadhini. Twiga hawakumshangaza mama. Pundamilia aliwaita punda waliopambwa. Tembo walipotokea, kundi zima na watoto wao, mume wangu alizima injini na kuanza kumweleza uzito wao na miaka wanayoishi. Mama akainua mkono kumnyamazisha. Hawa wanyama alikuwa akiwafahamu kabla yetu. Msimu mmoja walimlia shamba lote la mahindi, akabaki na mabua. Nilitegemea awalaani.

Jike mmoja alisogea karibu na barabara, akang'oa majani, akatutazama.

"Kumbe ana kope," mama akasema taratibu. "Shambani huwa naona mgongo tu."

Halafu akauliza kama wanatosheka na nyasi hizi, na kwa nini basi wanamfuata yeye. Mwalimu wa jiografia akaacha habari za uzito, akamshushia kioo cha dirisha aone vizuri.

Tuliporudi Zombo, mume wangu alikuwa ameshachoka na uhuru. Mgongo ulimuuma, alitamani kitanda chake na choo chake kisichohitaji maranda. Mjomba alikuwa anatungoja. Mama mkwe alishuka, akaomba kigoda, akatoa taarifa mbele ya majirani: kwamba hatujafukuzana, kwamba nyumba ipo, kwamba mkwe wake anapika vizuri hata mahali pabaya, na kwamba mwanawe amepambana na nyani. Hapo sifa zikampanda mwalimu, na hakuna aliyetaja beseni.

Mume wangu alitaka kuiuza Haisi mwezi uleule. Mama ndiye aliyekataa. Sasa kila mavuno yanapokwisha anapiga simu, anauliza gari lina mafuta kiasi gani. Mwaka huu anataka kwenda Dumila akanunue vitunguu, na tulale hukohuko, ingawa Dumila ni mahali pa kwenda na kurudi kwa mchana mmoja. Nimeshashona godoro jembamba la kuweka kati ya kabati na mlango. Mume wangu ameomba nimshonee na yeye la viti vya mbele.