Kelele za Mashine ya Shemeji

Ilitangazwa rasmi, kwa spika mbili na mbele ya utepe mmoja, kwamba intaneti mpya ya kasi imekuja kufungua fikra za wananchi, na kwamba kuanzia sasa watu wa vijijini watawasiliana kwa sauti safi, isiyo na kelele hata chembe. Mwenye wazo jipya la kuitumia alikaribishwa kwenye chumba cha kompyuta, nyuma ya zahanati.

Wananchi walifikiri wiki tatu. Akaja mmoja.

Waliomjua walimwita Fundi Sikio. Kwa miaka thelathini alitengeneza mashine za kusaga nafaka bila kuzifungua kwanza: anasimama mlangoni, anafumba macho, anasikiliza, kisha anautaja ugonjwa. Sasa magoti yalikuwa yamegoma, na kijiji cha pili kimekuwa mbali kama mwezi.

"Baba, magoti yako yameshastaafu," binti yake alikuwa amemwambia. "Wewe tu ndiye hujapata barua."

Wakakubaliana: akishindwa kufanya kazi ameketi, boksi la spana litauzwa. Simu ya kawaida alishaijaribu. Mashine ilisikika kama mtu anayepiga mswaki.

Mtaalamu wa chumba alimvisha hedifoni. Kwenye skrini akatokea shemeji yake, mama mwenye mashine ya kijiji cha pili, ambako waya mpya ulifika pia. Tangu juzi mashine yake ilikuwa ikisaga kwa kusuasua.

"Shemeji, umenenepa!" alisema yule mama.

"Ni kioo kipana. Washa mashine."

"Imewashwa."

"Washa, bwana."

"Imewashwa, nakwambia! Unga unanijaa puani!"

Fundi alisikia pumzi zake, akasikia hata bangili zikigongana. Mashine hakuisikia.

"Na masikio nayo, Baba?" binti yake aliuliza taratibu, akiwa amekaa nyuma yake na boksi miguuni.

Hilo lilimwingia. Goti ni goti, lakini sikio ndilo jina lake.

Mtaalamu akatabasamu kwa fahari. "Wala, mzee anasikia vizuri. Ni mtambo wetu huo. Unazitambua kelele na kuziondoa wenyewe."

"Zirudishe."

"Zipi?"

"Zote."

Ombi kama hilo halikuwahi kupokelewa. Mtaalamu alipekua mipangilio, akapiga simu makao makuu. Makao makuu yakauliza kama mteja ni mzima. Baada ya nusu saa kitufe kikapatikana, na mashine ikaingia masikioni mwa fundi kama trekta. Akafumba macho. Akainamisha kichwa kidogo kushoto.

"Zima! Beringi ya upande wa mkanda imekufa. Ukisaga debe moja zaidi, inakula shafti."

Shemeji akazima, akafungua, akakawia kidogo, kisha akainua mbele ya kamera beringi iliyolika hata chuma chake kimegeuka bluu kwa joto.

"We mchawi!"

"Mchawi angeruka mpaka huko. Mimi nimekaa."

Binti aliinuka. Alilibeba boksi, akatangulia nalo njia ya nyumbani.

Siku hizi Fundi Sikio anahudumia mashine saba, kila moja na siku yake, na wenye mashine hufungua nati wenyewe kwa maelekezo yake, wakinung'unika. Kwenye fremu ya skrini mtaalamu amebandika karatasi iliyoandikwa kwa mkono: KELELE ZISIONDOLEWE.