Chombo cha Kuzamia Kilichotakiwa Kirudi

Singida hakuna bahari. Tuna maziwa ya chumvi, na hayo watu huyatazama tu wakipita. Kwa hiyo mume wangu aliporudi kutoka Dar es Salaam na sanduku la vifaa vya kuzamia, nilimuuliza kama alikuwa na homa.

"Siku hizi ruksa," akasema. "Kila mtu analeta anachotaka."

"Haya, anachotaka. Wewe hiki ulikitaka?"

Kumbe alinunua sanduku limefungwa, kwenye mnada wa bandarini, akidhani ni vipuri vya pikipiki. Miaka ile ndivyo watu walivyofanya biashara: unanunua kwanza, unajua baadaye. Wakwe zangu ni watu wa duka tangu zamani, mguu mmoja Pangani, mwingine Tabora, na sijawahi kuwaona wakitupa kitu. Miwani ya kuzamia ilichukuliwa na mwenye mashine ya kusaga, asiingiwe na unga machoni. Vile viatu vya mpira mfano wa miguu ya bata viliwekwa dirishani, watu wakaja kuvicheka na kuondoka na sukari. Na kile chombo cha kuvutia hewa, mpira mrefu wenye kipande cha kuuma mdomoni, mimi mwenyewe nilimpelekea baba mdogo kule Mtinko.

Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu, alikuwa fundi wa visima. Kiangazi maji yakikimbilia chini, anayafuata na sururu. Huko chini hewa ni nzito, inamwangusha mtu hajapata hata kupiga kelele. Fundi mwenzake tulimzika hivyo. Basi jirani yake wa kuziba pancha akauunganisha ule mpira na kompresa ya kujazia matairi, baba mdogo akauma, akavuta, akaguna kwa raha. Kuanzia hapo akawa anashuka kisimani anapumua kama bwana mkubwa. Akirudi nyumbani anakitundika ukutani sebuleni, mahali ambapo wenzake hutundika saa.

Mwaka haujaisha, shemeji yangu anayefanya kazi kwenye hoteli moja ya wazungu huko pwani akapiga simu dukani. Mume wangu akamsimulia habari za sanduku, wakacheka. Alipotaja maandishi yaliyokuwa kwenye kile chombo, shemeji akaacha kucheka. Vyombo vyote vya aina ile vilikuwa vimetakiwa virudishwe. Kiwanda chenyewe kilitangaza. Ndani mna valvu inayonata, na ikinata hewa inakatika ghafla, mtu bado amekiuma.

"Hilo linawahusu watu wa baharini," mume wangu akasema.

"Na baba mdogo kisimani anapumulia nini? Masikio?"

Kulipokucha nikadandia pikapu ya kwenda Mtinko. Nilimkuta baba mdogo anakunywa chai, anajiandaa kushuka kisima cha majirani.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Kuna msiba?"

"Hakuna. Nimefuata kile chombo. Kinatakiwa kirudi."

"Na nani?"

"Na waliokitengeneza, huko Ulaya. Ni kibovu, kitakuua."

Akatabasamu. Hapo lazima nieleze, maana vijana hawajui. Miaka ya uhaba, duka la kijiji likitangaza kwamba sabuni waliyouza ina kasoro na irudishwe, ujue sabuni imepanda bei na kuna mkubwa anaitaka. Watu wetu walijifunza: kitu kikitakiwa, kifiche. Baba mdogo alikuwa amefaulu somo hilo kuliko wote.

Nikamwambia nitampa redio badala yake. "Redio nzima!" akasema, akakishusha ukutani. Nikaongeza blanketi. Akakipeleka chumbani. Nikashindwa kujizuia, nikalia. Ndipo akaamini kabisa kwamba kina dhahabu ndani, akamwita mkewe aje akae mlangoni.

Hasira zikanipanda. Mtu unamlilia asife, anakuona tapeli! Nikafuta machozi, nikafunga kanga vizuri.

"Basi baki nacho," nikasema. "Mume wangu ameshusha lori zima. Mjini vimejaa, hata mbuzi wanavitafuna. Nilitaka nikuokoe na hasara kwa sababu wewe ni mzazi wangu."

Alitoka nacho chumbani mbio, nusura amkanyage mkewe.

"Chukua! Mimi ni jalala lenu?" Akapumua kidogo. "Na ile redio?"

"Utaletewa."

"Na blanketi."

"Na blanketi, baba mdogo."

Nikakitia kwenye kikapu, moyo mweupe. Nilipogeuka kuaga nikamwona anavua shati.

"Unakwenda wapi?"

"Kisimani."

"Na hewa?"

"Si umeichukua?"

Nikamfuata njia nzima nikimweleza upya habari ya kiwanda na ile valvu, na safari hii alinisikiliza, kwa kuwa chombo hakikuwa tena mali yake. Tulipofika, wanawake walikuwa wameketi na ndoo zao tupu, hakuna aliyekuwa anapiga soga.

"Chombo kibovu, wenyewe wamekiita kirudi," akasema. "Wamefanya vizuri. Hiki kisima kibovu, mwanangu, anakiita nani?"

Wakateremsha kibatari kwanza, kupima hewa. Kilififia, lakini hakikuzimika. Baba mdogo akajifunga kamba kiunoni, akanikabidhi mimi ncha ya pili.

Nikaishika, na wanawake watatu nyuma yangu. Nikawa namwita bila kupumzika, "Baba mdogo!" naye anaitika "Naam!" kutoka huko chini, kila mara kwa sauti ya mtu aliyechoka kuitwa. Nikaita tena. Kimya. Sikungoja kuita mara ya pili. "Vuteni!" nikapiga kelele, tukavuta, mikono ikatuchunika, na uzito ule ulikuja kama wa gunia.

Kichwa kikatokeza, tope mpaka kwenye kope. Akatema maji, akafungua macho, akaniporomoshea matusi ya Kinyaturu ambayo mzee hapaswi kumtamkia binti yake.

"Nilikuwa nakunywa!" akasema. "Maji yametoka, nikainama kuonja! Mtu hanywi akaitika!"

Nilimkumbatia na tope lake lote, mbele za watu, nikamwambia anyamaze.