Kinu cha Mama Dafroza na Kibali cha Nestori

Ukimwona Nestori Niyonkuru akipanda ngazi na jokofu mgongoni, utadhani alizaliwa nalo. Alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, akibeba maji, kuni, na mara nyingine wagonjwa. Jiji la Louisville, jimboni Kentucky, lilipompokea, alibeba maboksi ghalani kule mtaa wa Okolona kwa miaka sita, mpaka akanunua lori lake mwenyewe, jeupe, limebonyea ubavu mmoja, akaacha kazi ya ghala na kuanza kuhamisha watu.

Na kuhamisha watu wetu, ndugu zangu, si kuinua tu. Kuna mama hataki godoro liguse viatu. Kuna mwingine anataka picha ya marehemu mumewe isafiri mbele, kitini, pembeni ya dereva. Nestori huyafanya hayo bila kuambiwa.

Sasa sikilizeni kilichomtatiza. Kibali cha kuvuka majimbo alipewa na serikali kuu ya Washington. Alijaza fomu, akakata bima, basi. Kwa kibali hicho alimhamisha jirani yake Clara na familia yake hadi Westerville, karibu na Columbus, jimbo jingine. Lakini kumtoa mtu Okolona kumpeleka mtaa wa pili tu, hapo palihitaji kibali cha jimbo la Kentucky. Na sheria ya jimbo miaka hiyo ilizipa kampuni za zamani haki ya kumpinga mgeni wa biashara hiyo. Zikipinga, yeye mgeni ndiye athibitishe kwamba zenyewe hazitoshi.

Rafiki yake Sylveri alijaribu kabla yake. Kampuni tatu zikampinga, akanyimwa. Akauza lori, akapata kazi ya kiwandani Buffalo, na aliyempeleka huko ni Nestori.

"Umeona maajabu?" Sylveri alimwambia njiani, theluji ikipiga kioo. "Unaruhusiwa kunifikisha mlangoni mwa Kanada, lakini huruhusiwi kunipeleka kwa shemeji yangu ng'ambo ya barabara."

"Ningekuvusha mto kwanza, nikageuzia Indiana, jimbo la jirani, nikakurudisha, iwe safari ya majimbo."

"Na mafuta ungenidai, nakujua!"

Wakacheka. Lakini safari ndefu kama hiyo huja mara moja kwa mwezi, na lori haliwezi kulisha watoto wanne kwa safari moja. Nestori naye akapeleka ombi. Barua moja tu ya pingamizi ikaja, ya Mzee Harlan, mwenye malori ya kijani, aliyekuwa kwenye kazi hiyo kwa miaka arobaini.

"Wakikunyima?" mkewe Joselyne aliuliza.

"Nitauza lori."

"Ghala bado lipo."

"Najua lilipo, mke wangu."

Siku ya kusikilizwa, Nestori alifika Frankfort, makao makuu ya jimbo, amevaa suti ya harusi yake. Alipomwona Mzee Harlan hakwenda kukaa upande mwingine. Alimwendea, akamsalimu kwa mikono miwili, akamuuliza habari za nyumbani, kisha akaketi kando yake. Kwao watu wenye shauri hufanya hivyo. Mzee wa watu alishindwa afanye nini na mkono wake.

Afisa, mama mwenye miwani, alianza. "Bwana Niyonkuru, niambie kampuni zilizopo zina kasoro gani."

"Sizijui kasoro zao, mama. Malori yao ni mazuri kuliko langu. Vijana wao wana nguvu."

Afisa akavua miwani. "Unaelewa kwamba ukisema hivyo siwezi kukupa kibali?"

"Naelewa. Lakini siwezi kumsingizia mtu niliyeketi naye."

Hapo Mama Dafroza, shahidi wake pekee, akasimama bila kuitwa. "Nestori, acha upole wako. Nitafsirie."

Akasimulia. Miaka miwili nyuma dhoruba iliangusha mti mkubwa Okolona, na jirani yake Jean Bosco akamchongea kinu kutokana na shina lake. Humo alitwangia isombe, yaani kisamvu, ya kanisa zima. Alipohama, wabebaji wa kampuni walifanya kazi safi, hata kikombe hakikuvunjika. Ila kinu walikiona gogo, wakakiacha kando ya barabara pamoja na takataka. Alipiga kelele, lakini hawakujua Kiswahili, naye hakuwa na Kiingereza cha kinu.

"Kampuni gani?" Mzee Harlan akauliza.

Nestori akainama kufunga kamba ya kiatu.

"Mwambie!" Mama Dafroza alikuwa ameelewa. "Malori ya kijani. Na siwalaumu watoto wale, kweli kinafanana na gogo. Nestori ndiye aliyekwenda kukichukua kabla gari la taka halijapita."

Afisa akainua kalamu. "Na alikutoza nini kwa kazi hiyo?"

Kubeba kwa malipo bila kibali ni kosa.

"Sahani ya isombe," Mama Dafroza akajibu.

"Hilo sitaliandika," afisa alisema, akaiweka kalamu chini.

Mzee Harlan akaanza kucheka, kwanza puani, halafu mabega yote yakatikisika. "Gogo!" alisema. "Mimi nilipoanza walinipinga watano. Nikadhani ndivyo mambo yanavyofanywa, na mwanasheria wangu amekuwa akituma barua zile kila mara. Afisa, futa pingamizi langu."

Bila mpinzani, kibali kilitoka wiki tatu baadaye.

Siku ile ya kusikilizwa walirudi Louisville, Mama Dafroza akiimba njia nzima. Nestori hakuitikia.

"Una nini? Tumeshinda!"

"Namuwaza Sylveri," alisema. "Lori lilikuwa kama langu, na mgongo kama wangu. Wapinzani wake hawakucheka."

Mwaka uliofuata, 2014, jaji wa shirikisho aliitengua sheria ile ya pingamizi, katika kesi ya mtu mwingine kabisa. Nestori alikuwa anafunga kamba za meza aliposikia. Aliacha kamba, akapiga simu Buffalo.

"Rudi sasa. Hakuna tena wa kumwomba ruhusa."

"Nirudi na nini, ndugu yangu? Lori nililiuza. Watoto wameshapata marafiki hapa. Mdogo ananijibu Kiingereza hata akiwa usingizini."

"Basi njoo utusalimie."

"Nitakuja. Theluji ikipungua."

Nestori akairudisha simu mfukoni, akamalizia kufunga kamba. Kwenye kiti cha mbele palikuwa na picha ya marehemu wa mtu, imefungwa mkanda vizuri. Akawasha lori, akaendesha pole pole kwenda mtaa wa pili.