Chumba cha Kumwonyesha Mama Mkwe

Simu ilipokatika nilibaki nimeishika sikioni kana kwamba bado kuna mtu anaongea. Mume wangu, ambaye kazi yake ilikuwa Kibondo na nyumbani Kasulu alirudi kila mwisho wa mwezi, alikuwa ameniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mama yake anakuja Jumamosi kuona tunaishije. "Anasema mtoto hawezi kukulia kwenye tundu la kuku," akaongeza, akacheka. Mimi sikucheka. Mtoto wetu alikuwa na miaka mitatu, ziwa alishaacha zamani, na katika ukoo wao mtoto wa kwanza akishaachishwa ziwa, bibi ana haki ya kumchukua akamlee. Mke wa kaka yake mume wangu alimtoa binti yake aende Munanila kwa bibi kwa msimu mmoja tu wa mahindi. Binti yule sasa anasoma hukohuko, na mama yake mzazi anamwita shangazi.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 2013, vumbi jekundu limetanda mji mzima. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja nyuma ya duka la vitenge. Humo ndani mlikuwa na kitanda, kabati, cherehani yangu, jiko, ndoo na baiskeli ya mume wangu ambayo hakuna aliyeiendesha. Nilikitazama kwa macho ya mama mkwe. Hata mimi nisingejiachia mtoto.

Nilimweleza mama mwenye nyumba, ambaye wazazi wake walitoka pwani na ambaye hakuwahi kukosa jibu la jambo lolote. "Mwanangu, usihangaike," akasema. "Chumba kinakuzwa na mwanga. Paka rangi nyeupe, pazia litundike juu kabisa, na kioo changu kikubwa nitakuazima, kikae mkabala na mlango." Hata angeniambia nitundike kitanda ukutani ningetundika.

Nikapaka chokaa mpaka mikono ikachubuka. Kabati na baiskeli vikahamia kwenye stoo ya duka. Kitanda nikakiinua kwa matofali, vyombo vyote vikaingia chini yake, na nikashona shuka la kukizungushia hadi sakafuni ili uvungu usionekane. Vitu vya mtoto navyo vikaenda huko uvunguni, gari lake la waya, mpira wa matambara, hata kile kigoda alichozoea kukalia akila uji. Pazia jeupe likaning'inia kutoka karibu na bati. Nilipokiweka kioo nikarudi mlangoni kuangalia, na kweli, chumba kilikuwa kimekua. Nilifurahi peke yangu kama mwehu.

Kisha nikaona, chini karibu na kona, kiganja kidogo chekundu. Vidole vitano, vimekaa vizuri.

Nikapaka tena. Kesho yake vikawa viganja viwili. Hofu kwangu mimi huwa haikai kimya, hugeuka ukali. "Usiguse ukuta!" nilimwambia mtoto asubuhi, nikamwambia mchana, na mara nyingine nilimpiga kibao mkononi. Kufikia Ijumaa alikuwa akiingia ndani mikono ameifunga mgongoni, kama mtendaji wa kata anayekagua mradi. Nilimwona amepata adabu, nikashukuru.

Mama mkwe alifika na mfuko wa maharage na mkungu wa ndizi. Nikainama, nikampigia makofi ya salamu kama ilivyo desturi ya Waha. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mpole, asiye na maneno mengi, na hilo ndilo lililonitisha kwake. Mtu anayegomba unajua amefika wapi. Alikaa, akatazama ukuta, pazia, kioo, akajiona mwenyewe ndani ya kioo na kulikaza lemba lake.

"Ego," akakubali kwa Kiha. "Nyumba ni kubwa. Ni kubwa kuliko alivyonieleza."

Nilimimina chai kwa furaha. Hapo ndipo mtoto alipoingia kutoka nje. Alipita katikati ya chumba, polepole, mikono nyuma, akasimama mbele ya bibi yake.

"Mikono ina nini?" bibi akamwuliza. Alidhani ameumia.

"Ukuta," akajibu mtoto.

Bibi hakuelewa. Akamwuliza anakaa wapi akiwa anacheza. Mtoto akaangaza macho chumba kizima, kisha akaonyesha nje kwa kidevu. Mama mkwe akainywa chai yake mpaka ikaisha.

"Mkwe wangu, nimeona," akasema. "Kesho nitaondoka naye."

"Lakini mama, nafasi ipo!"

"Nafasi ipo, ya mgeni. Huyu umwana si mgeni."

Nilitoka nje nikampigia mume wangu. "Mama akishasema, mimi niseme nini?" akanijibu. Nilimchukia siku hiyo, na sioni haya kuandika hivyo.

Asubuhi, kituoni, mtoto alikuwa amekaa dirishani kwenye mapaja ya bibi yake ndani ya gari la Munanila. Nilisikia akimwuliza, "Bibi, kwako ukuta unaguswa?"

"Unaguswa."

"Na mikono michafu?"

"Kwani kuna mingine?"

Abiria wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshikilia ukingo wa dirisha kwa nguvu zote. Sikuweza kumkatalia mama mkwe kwa mdomo wangu, hilo kwetu halifanyiki, lakini usiku kucha nilikuwa nimepanga jambo moja. Mtoto akilia, nitamshusha. Mtoto anayemlilia mama yake hakuna wa kumzuia mama huyo, hata bibi mtu. Dereva akawasha gari. Nikamwita mtoto kwa sauti, ili aone vizuri kwamba mimi ninabaki. Gari likaanza kutembea nami nikatembea nalo, namtazama mdomo, nangoja.

Hakulia. Alinipungia, kisha akageuka kumwuliza bibi yake kitu kingine.