Nguruwe Aliyewashiwa Moto wa Ng'ombe

Baba yangu alifika kwangu Walikale akitokea Mushaki, kwetu kwenye milima ya baridi, amevaa koti zito, kofia ya sufu na buti za mpira, na fimbo ya kuchungia mkononi. Ng'ombe hawakuwepo. Vita vilikuwa vimewapitia, na katika kundi lote kilichobaki ni ile fimbo. Akaketi mlangoni kwangu bila kuvua koti, huku kwenye joto la msituni ambako hata mbuzi hutembea akitafuta kivuli. Alikaa hivyo wiki baada ya wiki. Chakula alikuwa anakigusa tu, kisha anasukuma sahani. Mimi si mtu wa kulia hovyo, lakini niliogopa. Mchungaji asiye na cha kuchunga hufa akiwa ameketi, nimewaona.

Mume wangu, mfanyabiashara wa Butembo ambaye kwake kila ugonjwa dawa yake ni kazi, akasema, "Umupe kazi, mama. Muntu bila kazi anaoza."

Kazi gani? Mnyama tuliyekuwa naye alikuwa mmoja, nguruwe jike mweupe, na alikuwa na mimba. Baba alikuwa hajawahi kumtazama. Kila akipita bandani aligeuza uso kama mtu anayepishana na mke waliyeachana naye.

Hata hivyo nikamwendea. "Papa, miye niko mu duka muchana yote. Unisaidie kuchunga ule munyama."

"Munyama ni ngombe," akasema. "Ile ni kitu."

"Basi uchunge kitu, Papa."

Akanigeuzia mgongo. Kesho yake asubuhi nikamkuta amesimama mbele ya banda, fimbo begani, anatikisa kichwa. "Kama ni kuchunga," akasema, "tutachunga vizuri."

Kwa mtu wa Mushaki, kuchunga vizuri ni kupigana na baridi. Kule kwetu ukungu unalala juu ya majani hadi jua lipande, na ndama asiyekingwa usiku, asubuhi unamkuta amekauka. Basi baba akaziba kila ufa wa banda ili upepo usipite. Akang'oa paa la majani, akasema nyumba ya majani ni ya mtu asiye na ukoo, akaweka mabati yaliyobaki kwenye depo ya mume wangu. Kila asubuhi alimsugua nguruwe kwa gunzi la mahindi mpaka tope lote likatoka, akang'aa kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Na jioni, Mungu wangu, akamwashia moto.

Ni moto wa ng'ombe. Kwetu kundi likirudi nyumbani lazima likute moto wa moshi umewashwa mlangoni, nzi wakimbie, ng'ombe wapate joto na wacheue kwa amani. Ni heshima. Jirani yangu, mama mmoja ambaye mdomo wake haujawahi kwenda likizo, alisimama kwenye ua akautazama ule moshi.

"Mama," akaniita, "munaanza kupika nguruwe na haiyachinjwa?"

Ningeweza kumzuia baba. Lakini siku ile ile alimaliza sombe yote ya majani ya mihogo na akaomba sahani ya pili. Sahani ya pili! Nikafunga mdomo.

Nguruwe naye akafungua wake. Alianza kuhema mdomo wazi, masikio mekundu, ngozi ya mgongo imebabuka, pumba hataki. Baba akamgusa tumbo, akatoa hukumu: homa ya baridi. Akaongeza kuni.

"Papa, nazania anasikia joto."

"Weye ulizaliwa mu mikono yangu," akasema, "na ngombe ilikuwa inazaliwa mu mikono ile ile. Unifundishe nini?"

Hasira ilinipanda hadi kwenye kitambaa cha kichwa. Lakini nikimnyang'anya nguruwe namnyang'anya na ile sahani. Nikarudi dukani nikiwa nimenuna, nikawauzia watu sabuni bila kuwasalimia.

Siku moja, saa sita mchana, nikasikia mlio wa mbao kuvunjika. Nguruwe alikuwa amevunja ukuta wa banda akapita, mimba na yote. Baba nyuma yake, koti linapepea, fimbo juu. Nilipowafikia kule chini kwenye kijito, nguruwe alikuwa amelala ndani ya shimo ambamo jirani huloweka mihogo yake ya fufu, ugali wa huku. Pua tu ndiyo ilionekana, na mihogo inaelea pande zote.

"Nguruwe yenu iko naoga mu mihogo yangu!" jirani alipiga kelele. "Ni fufu ya wiki muzima!"

Baba akapiga ule mluzi wake ambao ng'ombe wa Mushaki walikuwa wakiuitikia kutoka kilima cha pili. Nguruwe akafumba macho. Baba akaingia kumsukuma, akateleza, akaketi. Maji yakamfika kifuani, na koti na kofia.

Hata mdomo wa jirani ukaenda likizo. Mimi niliwaza: basi, aibu hii itammaliza, hatasema tena. Lakini baba hakuinuka. Alikaa pale bega kwa bega na nguruwe, wote wawili wanapumua polepole.

"Maji iko muzuri," akasema mwishowe. Akavua koti, akanirushia. Lilikuwa zito kama ndama.

"Huyu hakuwa na baridi."

"Hapana, Papa."

"Alikuwa anasikia joto. Juu ya nini haukuniambia?"

Maneno niliyoyameza pale yangejaza gunia.

Jirani nilimpa mihogo ya shamba langu, na bado aliniimba sokoni. Baba alichimba shimo la tope kwa mikono yake chini ya migomba, akarudisha paa la majani, akabomoa ukuta wa upande wa upepo. Moto hakuuwasha tena. Mchana wa jua kali alikuwa anamwagia nguruwe maji kwa kopo, mgongoni, kisha miguuni kwake mwenyewe. Watoto wa nguruwe walizaliwa salama, na baba akanikataza kuwakaribia na hasira zangu.

Kwetu kila ng'ombe ana jina, lakini nguruwe yule hakuwahi kupewa. Asubuhi moja nikiwa jikoni nikasikia baba akiita chini ya migomba. Aliita jina la ng'ombe wake wa mbele, yule aliyekuwa akiongoza kundi lote kule Mushaki, jina ambalo hakuwa amelitamka tangu afike kwangu.

Nguruwe akaitika, akatoka topeni, akamwendea.

Nililia, mimi nisiyelia hovyo. Kisha nikapakua sahani ya pili.